Picha Mama Haiguswi

Ukiingia kwake ukamwambia akutengeneze uwe mzuri, hakukujibu ndiyo wala hapana. Alikuambia, "Kwanza tuweke ulivyo." Alikupiga picha, akainakili, ile ya kwanza akaifungia kwenye folda yake, na kuanzia hapo haikuguswa tena na mtu yeyote, hata ungepiga magoti. Ile aliiita picha mama. Kazi yote ya kukung'arisha, kukuvalisha suti usiyokuwa nayo na kukusimamisha mbele ya maporomoko ya maji ambayo hujawahi kuyaona, aliifanya juu ya nakala. "Picha mama haiguswi," alisema, kwa sauti ile ile ambayo mtu humkataza mtoto kuchezea jiko.

Sisi wa Kashaulili, hapa Mpanda, tulimwita Mama Studio. Mimi ni kinyozi, na mlango wangu na wake ulitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukuzuia chochote. Nilisikia printa yake ikikohoa, naye alisikia mashine yangu ya kunyolea na ubishi wa mpira wa wateja wangu. Alizaliwa wapi, alikuja mjini na nani, hayo siyajui na sikuyatafuta. Nilijua watu wake walitoka Burundi zamani, maana akishtuka Kirundi kilimtoka chenyewe, na nilijua mume wake alishafariki. Zaidi ya hapo nilijua jambo moja ambalo mji mzima ulilijua, kwa sababu alilibandika mwenyewe kwenye kila nguzo: kijana wake alikwenda machimboni na hakurudi.

Jina la kijana silitaji. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Aliacha shule akafuata wenzake kwenye dhahabu. Mwanzoni simu iliita, na kijana alisema anakula vizuri na analala vizuri, uongo ambao vijana wote wa machimboni huwaambia mama zao. Kisha simu ikawa haipatikani. Wengine walisema duara, lile shimo la kuchimbia, lilititia na waliokuwa chini hawakutolewa wote. Wengine walisema hakuwemo, alikuwa ameshaondoka na kundi lililohamia Chunya. Wengine wakasema amevuka ziwa, yuko Kongo. Hakuna aliyekuja na shati lake wala kiatu chake. Sasa mwanamke ambaye hajaletewa hata kiatu, utamwambiaje aweke matanga?

Hakuweka. Badala yake, kila mwaka alimkuza.

Picha aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu ya maana, kijana akiwa na shati la shule, ametazama kamera moja kwa moja. Mwaka wa kwanza aliitoa hivyo hivyo, akaandika ANATAFUTWA na namba yake ya simu, akaigawa kwa makondakta wa mabasi. Mwaka uliofuata akasema haifai. "Mtoto anakua," aliniambia. "Nikibandika sura ya shule, nani atamjua?" Akakaa kwenye kompyuta akampanua mabega kidogo na kumkaza taya. Mwaka mwingine akamwotesha sharubu. Mwaka mwingine jua la machimboni likamchoma kwenye paji la uso. Tangazo jipya lilipotoka alilileta kwangu kwanza, nilibandike karibu na kioo, mahali ambapo mteja akikaa hana pa kuangalia pengine.

Namna alivyofanya aliwahi kunieleza kwa kutumia nailoni ya kufunikia daftari. Unaweka picha mezani, unalaza nailoni juu yake, unachora ndevu kwenye nailoni. Ukitaka makunyanzi, unalaza nailoni nyingine. Picha iliyo chini haijui lolote linaloendelea. Ukichoka na ndevu, unaondoa nailoni yake, basi. Kwenye kompyuta nailoni hizo zinaitwa leya, na kila leya ina alama ndogo ya jicho pembeni. Ukilibonyeza jicho, leya inajificha. Ukilibonyeza tena, inarudi. Nilimwambia ni mchezo mzuri, akanikatiza: "Siyo mchezo. Ndiyo inayonifanya nilale."

Kwa habari ya programu alikuwa mgumu kuliko baba mwenye binti mmoja. Vijana walimletea kwenye flashi, nyingi zikiwa za wizi zilizovunjwa kufuli, kila moja ikisifiwa kuliko ya jana. Hakuuliza zina vitu gani, wala kama ndizo wanazotumia Dar. Aliuliza swali moja tu: "Naweza kurudi?" Alitaka kujua kama, akishasevu, umeme ukakatika kama kawaida yetu, akawasha kesho yake, atazikuta leya zake zote zikiwa mbalimbali au atakuta kila kitu kimegandana kuwa picha moja. Programu nyingi zilianguka hapo hapo. Kuna moja ya wizi aliipenda sana, nyepesi, nzuri, mpaka ilipomletea kirusi kilichokula folda za wateja. Siku hiyo nilimkuta amekaa sakafuni, ameshika diski ya nje kwa mikono miwili. Folda ya kijana ilikuwa salama humo. Wateja waliopoteza picha zao za harusi walimsubiri mlangoni, na hakuwasikia hata kidogo.

Baada ya hapo akahamia programu ya bure, nzito, inayofunguka polepole mpaka mteja anaanza kusinzia. Watu walilalamika kwamba studio nyingine picha inatoka umekaa dakika mbili. "Nyie nendeni kwa wenye haraka," aliwaambia. "Mimi nataka inayotunza." Wengine walikwenda kweli, na alipungukiwa kazi, na hakubadilisha.

Simu ndizo alizozichukia. Msichana mmoja alikuja na picha ya bibi yake aliyefariki, akitaka ikuzwe kwa ajili ya kuweka sebuleni. Alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya simu, ile inayolainisha ngozi kwa kugusa mara moja. Bibi alikuwa laini kama sabuni ya kipande. Chale zake za mashavuni hazipo, kovu halipo, hata mikunjo ya shingo haipo.

"Ya kwanza iko wapi?" Mama Studio akauliza.

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimemsafisha tu."

"Nakuuliza ya kwanza, mwanangu. Kabla hujamsafisha."

"Ilijisevu juu yake."

Alitoka akaja kusimama kwenye mlango wangu, wateja wangu wawili wakiwa wanamwangalia. Akasema, "Wamemfuta bibi wa watu," akarudi ndani. Alimtengenezea yule msichana picha, ndiyo, lakini hakumtakia heri alipoondoka.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikuwa na kauli mbaya, alikuwa anasahau kujibu salamu, na nywele ninazochonga aliziita mashamba ya tumbaku mbele ya wateja wenyewe. Alikula viazi vitamu vya kuchemsha juu ya kibodi na kufuta mausi kwa pindo la kitenge. Jua la mchana lilipopiga kioo cha kompyuta, alijifunika kitenge hicho kichwani pamoja na kompyuta yenyewe, na mtu akiingia alikutana na mwanamke asiye na kichwa anayeongea na watu humo ndani: "Geuka, baba. Hebu nipe sikio. Ahsante." Wageni walirudi nyuma. Mimi niliwaambia waingie, haumi.

Na yeye aliyewakaripia watu kwa kujifuta, ndiye aliyewang'arisha nusu ya wasichana wa mji huu mpaka wakafanana na watu waliotoka kuumwa. Nilimchokoza kwa hilo. Alinijibu bila kuinua macho: "Weupe ni leya. Anaondoka nao, mwenyewe amebaki kwangu." Jibu hilo lilinichekesha sana wakati ule. Kulikuwa na bwana mmoja mfanyabiashara wa mahindi aliyemwacha mke wake, akaja na picha ya harusi akitaka mke atolewe na mke mpya awekwe pale pale, kwenye gauni lile lile. Mama Studio alifanya. Kabla ya masika kwisha bwana akarudi, ameinamisha kichwa, anaomba wa kwanza arudishwe. Alibonyeza jicho moja akafungua lingine, printa ikakohoa, bwana akaondoka na mke wake. Tulicheka mimi na yeye kupitia ukuta mpaka jirani wa mitumba akaja kuuliza kuna nini. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu hakikuwa na wenzake wengi.

Maana siku zake nyingi zilikuwa za simu. Simu ikiita alinyanyua kabla mlio wa kwanza haujaisha, hata kama mteja yuko mbele ya kamera ameshikilia pumzi. Kondakta wa Inyonga: mama, nimemwona kwenye ghala la tumbaku. Mrina asali: nimekutana naye porini, anapakia magogo. Muuza dagaa: yuko sokoni Sumbawanga, anasukuma toroli. Kila mara alifunga studio. Alibandika karatasi mlangoni, NARUDI, akachukua kibegi chake ambacho kilikaa kimeshafungwa, akapanda basi la kwanza. Alirudi kesho yake au keshokutwa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na sikuwa na haja ya kumwuliza. "Siyo yeye," alisema. "Lakini walikuwa karibu. Safari hii walikuwa karibu sana."

Karibu, kila mara karibu. Hilo ndilo lililomla. Angekuwa anaambiwa hapana, hajaonekana, labda angechoka mapema. Lakini tangazo la kwanza, lile la sare ya shule, halikuwahi kuleta simu hata moja, na kila alivyomkuza ndivyo simu zilivyoongezeka. Kwake huo ulikuwa ushahidi. Kijana yupo, na yeye anazidi kuikaribia sura yake. Alikonda. Alianza kufanya kazi ya tangazo mchana wakati wa wateja, na wateja wakakaa kwenye benchi wakimtazama anavyomtia mtoto wake mvi moja, anaiondoa, anaitia tena.

Shemeji yake alikuja na wazee wawili wa kanisa. Walikaa, wakapewa soda, wakazunguka mbuga nzima ya maneno kabla ya kufika. Mimi nilikuwa na mteja kwenye kiti lakini mashine niliizima. Ukuta ule haukuwa na siri.

"Shemeji," akasema yule bwana, "tumwombee mtoto. Tufanye ibada tu, apumzike, na wewe upumzike. Utatupa picha."

"Picha ya nini?"

"Ya kuweka mbele. Siku ya ibada."

"Ibada ya nani?"

Shemeji akaitazama chupa yake ya soda.

"Nyie nimewatengenezea picha za marehemu wenu wote," akasema. "Mama yako mzee, nilimtoa kwenye kitambulisho kilichochanika. Huyu mzee hapa, mtoto wake nilimtoa kwenye picha ya mpira, kichwa kidogo kama punje ya mahindi. Nimekataa lini? Niambieni ni lini nimewahi kumtengenezea picha hiyo mtu aliye hai, mwenye afya yake."

Waliondoka soda zikiwa nusu. Mzee mmoja aliponipita alitikisa kichwa, akaniambia nizungumze naye mimi, ananisikia. Hakuwa ananisikia.

Nilizungumza naye baadaye, ila kwa jambo lingine. Alikuwa ameleta tangazo la mwaka, kijana sasa ana ndevu kamili, na nilikuwa nimelibandika. Mteja wangu mmoja, dereva wa bodaboda, alikaa akalitazama, akasema, "Huyu mbona kama bwana stoo wa sekondari?" Nikamwambia acha utani na watoto wa watu. Kisha nikatazama mwenyewe. Bwana stoo aliungua na mafuta utotoni, na chini ya taya la kushoto ana mahali hapaoti ndevu. Mimi ndiye ninayezichonga ndevu zile, nazikata kwa mshazari kulifuata kovu ili ionekane ni mtindo. Mshazari wangu ulikuwa pale, kwenye taya la kijana aliyepotea. Ndevu zile nilizichonga mimi.

Nikaanza kuona na mengine. Mikunjo ya paji la uso ilikuwa ya dereva wa basi la Sumbawanga. Mashavu yale yaliyoingia ndani ni ya muuza mkaa wa mtaa wa nyuma. Shingo sikuijua lakini ilikuwa ya mtu. Wote hao walishapita studio kupiga pasipoti, na wote picha zao mama zilikuwa kwenye folda. Kwa hiyo watu walikuwa sahihi. Walipopiga simu kusema wamemwona, walikuwa wamemwona kweli, kipande kipande, stendi, ghalani, sokoni. Alikuwa amemjenga mwanawe kwa sura za watu wa Katavi na kisha akawauliza watu wa Katavi kama wanamfahamu.

Nilikwenda kwake na kitambaa cha kunyolea bado kikiwa begani, na nilikuwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimeona vumbi lile kwenye kope zake mara nyingi mno.

"Dada, ndevu hizi ni za bwana stoo."

Hakushtuka. "Ndiyo. Zake ni nzuri."

"Unajua?"

"Mimi si ndiye niliyeziweka? Mimi siwezi kuchora, Kinyozi. Nikichora zinakuwa katuni. Ndevu lazima zitoke kwa mtu."

"Basi wanamwona bwana stoo! Wanakupigia simu wamemwona bwana stoo, wewe unapanda basi unakwenda mpaka Inyonga!"

"Sasa nifanyeje?" Alisimama. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ile. "Nimwache na uso mtupu? Mwanangu ana ndevu sasa hivi, popote alipo, zinaota, mimi sijaziona. Sijui zinaotaje. Baba yake alikufa kabla sijajua mwanangu atafanana naye au la. Nitoe wapi ndevu zake?"

Akakaa, akafuta uso kwa pindo la kitenge, akanionyesha kioo cha kompyuta, ule msururu wa macho madogo ukishuka upande wa kulia mpaka ukapita mwisho wa kioo.

"Kila kitu kiko kwenye leya yake," akasema kwa upole, kama ananifariji mimi. "Chini yupo mwenyewe. Nikitaka kurudi narudi."

Nilimwuliza mara ya mwisho kurudi ilikuwa lini. Alisema ana kazi, nimpishe.

Hatukusemeshana kwa muda mrefu baada ya hapo. Kisha asubuhi moja ya kiangazi alisimama mlangoni kwangu na kibegi. Mama lishe wa kwenye mnada wa ng'ombe upande wa Kasansa alikuwa amepiga simu. Hakusema anafanana. Alisema ni yeye, ameliweka tangazo karibu na uso wa kijana mmoja akiwa anakula na ni yeye.

"Mdogo wangu, funga. Twende wote."

"Mimi nitafanya nini?"

"Wewe unajua ndevu," akasema. "Utaniambia kama ni zake."

Nilifunga. Kwenye basi hakulala wala hakula. Alizungumza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na alizungumza kuhusu siku kijana alipoondoka. Alimfulia nguo mwenyewe, akazikunja kwenye begi, akamsindikiza stendi. Watu walimlaumu baadaye kwa kumruhusu. "Wananiuliza kwa nini sikumzuia," alisema, macho yakiwa kwenye miombo iliyokuwa ikipita. "Alikuwa mwanaume tayari. Mwanaume akishaamua unamzuiaje?" Alilisema hilo mara nyingi njiani, na mimi nikaitikia kila mara.

Mnada ulikuwa umechangamka, vumbi, fimbo, ng'ombe wa Wasukuma wakilia, nyama inachomwa. Mama lishe alitupokea kwa kuruka ruka, akamshika Mama Studio mkono, akatuvuta nyuma ya vibanda mahali ambapo wachunga ng'ombe walikuwa wamekaa kwenye magogo wanakula. Akamnyooshea kidole mmoja wao.

Nitasema nilichokiona. Alikuwa ndiye. Ndevu, mashavu, mikunjo ya paji la uso, vyote, kwenye uso wa mtu mmoja aliye hai anayetafuna ugali. Hata mimi niliyejua kila kipande kilikotoka, niliamini. Nilisogea karibu nikaangalia chini ya taya la kushoto. Ndevu zilikuwa nzima, hakuna kovu, hakuna mshazari. Zilikuwa zake mwenyewe.

Mama Studio alikuwa amesimama mbele yake. Nilimtazama nikisubiri alie, au amkumbatie, au aseme siyo yeye kama alivyosema kwa wengine wote. Kwa wengine alijua akiwa mbali, kabla hajashuka kwenye basi vizuri. Safari hii macho yake yalikwenda kwenye uso wa yule kijana, yakashuka, yakarudi, na nikaona woga unamjaa. Hakuwa na uhakika. Alikuwa ameutazama uso huu kwenye kompyuta kwa miaka, siku baada ya siku, na sasa ulikuwa mbele yake na hakujua.

"Baba," akasema, "hebu sema kitu."

Kijana akaacha kula. Akasimama kwa heshima, akanawa mkono haraka. "Shikamoo, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Sema tena."

"Niseme nini?"

"Wewe siyo mwanangu?"

Wenzake walianza kucheka, kisha wakaacha. Yule kijana alinitazama mimi, akamtazama mama lishe, akaona lile tangazo mkononi mwake. Nadhani alielewa, maana alivua kofia.

"Hapana, mayu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma kabisa. "Mama yangu yupo. Yuko nyumbani, ni hapo tu, ng'ambo ya mto. Nikamwite?"

"Una uhakika, baba?"

"Ndiyo, mayu."

"Una uhakika?"

Nilimshika Mama Studio bega. Lilikuwa jepesi, mfupa mtupu. Alikubali kuondolewa, lakini shingo iliendelea kugeuka nyuma, na yule kijana alibaki amesimama na kofia mkononi mpaka tulipopotea kwenye vibanda. Usiku ule tulilala kwa mama lishe, ambaye alilia na kuomba msamaha mpaka ikawa sisi ndio tunaombembeleza. Mama Studio hakulia. Kulipokucha tulipanda basi la kurudi Mpanda.

Kesho yake niliporipoti kazini alikuwa ameshafungua. Aliniita kupitia ukuta, na nikaenda. Kompyuta ilikuwa inawaka, kijana yuko kwenye kioo na ndevu zake, na mausi imesukumwa mbali mpaka ukingoni mwa meza.

"Nifungie," akasema. "Macho yote. Mimi mkono unakataa."

Nikakaa kwenye kiti chake. Sijawahi kushika kompyuta kwa kazi ya maana, mkono wangu umezoea mashine. Nikabonyeza jicho la kwanza, mvi zikatoweka. La pili, mikunjo ya dereva wa basi. Yeye alisimama nyuma yangu ameshika egemeo la kiti. Nilipofika kwenye ndevu nilisita, akasema endelea. Nimenyoa watu wengi maishani, wengine nimewanyoa wakiwa wameshakufa, lakini sikuwahi kunyoa kwa namna ile. Mashavu ya muuza mkaa yalipotoka, uso ukajaa. Taya likalegea. Sharubu zikaenda. Mabega yakarudi ndani. Shingo ya yule mtu nisiyemjua ikaondoka, na chini yake kukawa na shingo nyembamba ikitoka kwenye kola ya shati la shule iliyo kubwa kuliko yeye.

Hakukuwa na jicho lingine la kufunga. Nikaondoa mkono.

Alikuja mbele, akainama karibu na kioo. Midomo ya kijana ilikuwa na ukavu wa vumbi, na kwenye kidevu hapakuwa na kitu kabisa, hata kivuli. Alikuwa anajitahidi kutocheka mbele ya kamera. Mama Studio alimtazama kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu. "Huyu ni mtoto."

Nikainuka kumpisha kiti.

"Kinyozi, huyu ni mtoto. Mbona ni mdogo hivi?" Alinigeukia. Hasira ilikuwa imemjaa usoni, hasira ya kweli, ya mtu aliyekuta jambo baya limefanyika na anamtafuta aliyelifanya. "Nani alimruhusu mtoto kama huyu kwenda kule? Nani huyo? Mtu mzima mwenye akili zake anamtazama mtoto huyu, anamfungia begi?"

Alinishika mkono, akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini, na alikuwa anataka nimjibu.